Gramu 25

Droni ya mfano wa kerengende, iliyochangiwa mtandaoni na kuvuma mwishoni mwa mwaka 2012, ilikuwa na uzito wa gramu 25. Leo, kijana akiniletea video ya kifaa chochote kinachoruka na kuniuliza kama achange, hiyo ndiyo namba ninayoitafuta kwanza. Wakati ule kila mtu kibandani kwangu alikuwa anatazama mabawa.

Droni yenyewe iliitwa Dragonfly. Waliokuwa wakiiunda ni kampuni changa ya TechJect, iliyozaliwa na utafiti wa chuo cha Georgia Institute of Technology kule Atlanta, Marekani. Utafiti huo ulikuwa umeshapata fedha za Jeshi la Anga la nchi hiyo, kwa hiyo si kwamba walikuwa wababaishaji. Waliingia kwenye tovuti ya michango ya Indiegogo wakiomba dola 110,000. Watu wakawamiminia hadi ikapita dola milioni 1. Kilichoahidiwa kilikuwa kitu cha kulaza kiganjani: mabawa manne, kamera, uwezo wa kusimama hewani na pia kuteleza, na bei iliyoanzia kwenye dola 100 hivi.

Mimi ni fundi simu hapa Mtwara mjini, kibanda changu hakiko mbali na soko kuu. Video ilitufikia kwa njia za wakati ule. Kijana mmoja aliipakua akiwa Dar, akashuka nayo kwenye memori kadi, na ndani ya siku moja ilishahama simu kwa simu kwa bluutuu mpaka stendi.

Sababu ya sisi kuitaka ilikuwa korosho. Mikorosho ya huku inachanua kuanzia katikati ya mwaka, na maua yakitoka tu, ubwiriunga nao unaanza kuvizia. Ni ukungu mweupe unaokaa juu ya maua na machipukizi. Ukiachiwa, maua yanakauka na hakuna korosho. Dawa ni salfa, na salfa ni gharama, kwa hiyo mkulima anataka kujua mapema ni miti ipi imeanza kuugua. Tabu ni kwamba mkorosho wa miaka mingi una mwavuli mpana na mrefu. Wewe uko chini, maua yako juu. Mjomba wangu mwenye shamba huko Nanguruwe alilieleza hivi alipotazama ile video: "Njomba, mie ugonjwa nauona ukishanishukia. Hiki kidude kingekuwa kinapanda kwenda kuuangalia, ningekilipia kwa kilo."

Tukachanga. Fedha zilikwenda kwa M-Pesa ya mama lishe wa jirani, ambaye tayari alikuwa mweka hazina wa kikoba chetu na hana masihara na hela ya mtu. Kilichokosekana ni kadi ya benki inayokubali malipo ya mtandaoni. Shemeji yangu aliyekuwa Dar alikuwa na kadi, lakini ilikuwa haijafunguliwa kwa manunuzi ya nje. Ilibidi aende tawini, ajaze fomu, asubiri. Akajaza. Akasafiri kikazi. Aliporudi, dirisha la kuchangia lilikuwa limefungwa na wale Wamarekani wameshavuna mara kadhaa ya walichoomba. Vijana walinuna sana. Mmoja alisema watu wa Kusini tumezoea kuchelewa kila kitu, hata daraja la Rufiji tulilipata 2003.

Kilichofuata kiko wazi kwa yeyote aliyefuatilia. Mzigo uliotarajiwa mwaka 2013 haukufika kwa wakati, taarifa za maendeleo zikawa taarifa za matatizo, na mwishowe wengi wa waliotoa fedha hawakupata kerengende wala chenji. Nilisoma malalamiko yao nikiwa nimekaa na hela zetu zote salama, na sikucheka. Nilikuwa nafikiria jambo moja. Sisi tunajua michango kuliko watu wengi duniani: harusi, msiba, matibabu, ada. Lakini mchango wa harusi una kamati, kamati ina vikao, na mweka hazina unamjua mpaka kwao. Siku ya shughuli ikifika, bibi harusi yupo, sahani ya pilau ipo. Wale waliochangia Dragonfly walidhani wanaagiza bidhaa, kumbe walikuwa wanagharamia jaribio. Jaribio lina haki ya kushindwa. Bidhaa haina.

Mama lishe akauliza kama arudishe hela. Nikasema tuzitumie kununua mizani ya sonara, ile midogo inayosoma hadi gramu 0.01, na vikorokoro vingine kidogo tujaribu wenyewe. Alinitazama muda mrefu. "Mmekosa ndege, sasa mnataka mizani?" Alitoa, lakini aliandika kwenye daftari kwa kalamu nyekundu.

Kuanzia hapo nilijifunza mambo ambayo video isingenifundisha hata ningeitazama mwaka mzima.

Tulianza na kipepeaji cha rababendi, mtindo wa zamani kabisa. Mfaransa Alphonse Pénaud alikuwa anarusha cha namna hiyo tangu miaka ya 1870. Unasokota mpira, mpira unazungusha mkono mdogo wa waya, mkono unapandisha na kushusha mabawa. Waya tulitoa kwenye klipu za karatasi. Ngozi ya bawa ilikuwa nailoni nyembamba ya kufungia zawadi. Mifupa ya bawa ndiyo iliyotushinda mwanzoni. Njiti za mishikaki ni nzito, waya unapinda. Jibu likatoka kwenye fagio la mama lishe: chelewa. Njiti ya ukuti ni nyepesi, inanesa na kurudi, na mwenyewe imeumbwa nene shinani na nyembamba nchani, jambo ambalo wahandisi wa mabawa madogo hulitafuta kwa gharama kubwa kwa kutumia nyuzi za kaboni. Fagio lile liliisha taratibu na nililazimika kulinunua lote.

Kiliruka. Kilivuka kibanda, kikagonga shata ya duka la mbele, kikavunjika bawa. Tukaunga kwa gundi. Kikaruka kidogo zaidi ya nusu ya mwanzo. Kikavunjika tena, tukaunga tena, na baada ya matengenezo kadhaa kikawa kinapepea kwa bidii zote huku kinashuka moja kwa moja mchangani. Vijana walisema mpira umechoka. Nikakiweka kwenye mizani: gundi peke yake ilikuwa imeongeza uzito wa kutosha kukizamisha. Kwenye simu, tone la gundi si kitu. Kwenye kitu cha gramu tano, tone la gundi ni abiria.

Hapo ndipo nilipoanza kupima kila kitu kabla ya kukigusa. Mota ndogo iliyotolewa kwenye droni ya kuchezea, gia za plastiki, betri bapa ya gramu tatu hivi kutoka kwenye kifaa cha masikioni, vipande vya waya, hata rangi. Waya unaonekana hauna uzito mpaka uuweke pale. Solda vilevile. Tulipofika kwenye umeme nikaelewa pia hesabu ya betri, na hii nawaeleza vijana kwa kalamu. Chukua betri ya volti 3.7 yenye miliampia-saa 250, ambayo yenyewe ina gramu kama saba. Nishati yake haifiki wati-saa 1. Ukitaka irushe kitu kwa nusu saa, unabaki na chini ya wati 2, na hizo hizo zipandishe uzito wote, ziendeshe kamera, zirushe picha hewani. Droni ndogo za feni nne zenye uzito wa karibu gramu 30 humaliza betri ya kiasi hicho ndani ya dakika chache tu, tena nyingi hazina kamera ya maana. Basi mtu akikuahidi muda mrefu, muulize betri yake ina gramu ngapi.

Wengi hufikiri kudogesha kitu ni kukirahisisha. Kuna upande mmoja wa ukweli: ukipunguza vipimo vyote kwa nusu, uzito unashuka hadi sehemu moja ya nane, wakati eneo la bawa linabaki robo. Mdogo anabebeka kirahisi. Lakini mota haipendi kudogeshwa. Kadiri inavyopungua, msuguano na joto vinakula sehemu kubwa zaidi ya nguvu yake. Ndiyo maana wale wa Chuo Kikuu cha Harvard waliounda RoboBee, nyuki wa roboti, waliachana na mota kabisa. Walitumia vipande vya kauri vinavyojipinda vikipitishiwa umeme, na mwaka 2013 walionyesha kidudu cha miligramu 80 kinachopiga mabawa mara 120 kwa sekunde na kutii amri. Kilikuwa kimefungwa waya wa umeme, kwa sababu hakuna betri ambayo kingeweza kuibeba. Mwaka 2019 ndugu yake mwenye mabawa manne aliruka bila waya, kwa seli za jua chini ya taa zenye mwanga mkali kuliko jua lenyewe, kwa muda usiotimia sekunde moja. Hao ni watu wenye maabara. Mimi nina hita ya kusoldia na feni ya mezani.

Kerengende wa Mungu naye nilimpima. Huku kwetu wanajaa mvua za kwanza zinapokaribia, wakati kaskazi inaanza kuvuma, na usiku mmoja mmoja huja kwenye taa na kufia mezani. Yule niliyemwokota alisoma karibu gramu 0.3, mzima na mabawa yake. Inaelekea ni wa jamii ya Pantala flavescens, wale ambao mwanabayolojia Charles Anderson, aliyekuwa akiishi Maldives, aliandika mwaka 2009 kwamba huvuka Bahari ya Hindi kutoka India kupitia visiwa hivyo hadi Afrika Mashariki, wakisaidiwa na upepo huo huo uliokuwa ukisukuma majahazi. Gramu 0.3, na mafuta ya safari ndani yake. Nilimweka chini ya lenzi ninayotumia kuangalia bodi za simu. Bawa lake halijanyooka. Lina mikunjo midogo tangu mwanzo hadi mwisho, na mikunjo hiyo ndiyo inayolifanya gumu bila kuongeza unene. Karibu na ncha kuna doa dogo lenye rangi. Nilidhani ni pambo mpaka niliposoma kwamba doa lile ni uzito uliowekwa makusudi, unaozuia bawa lisitetemeke ovyo anapoteleza kwa kasi. Na kila bawa kati ya manne lina misuli yake, kwa hiyo anaweza kuliamuru peke yake. Sisi tulikuwa na mota moja na gia mbili.

Tulijaribu kuiga doa kwa rangi ya kucha. Sitadai kwamba lilisaidia. Kipepeaji chetu hakikuwa na kasi ya kutosha kuonyesha tofauti.

Adui mkubwa kuliko wote alikuwa upepo wa kusi. Anayeijua Shangani, ufukweni hapa Mtwara, mwezi wa Julai mchana hahitaji kuelezwa. Kipepeaji kilichokuwa kinazunguka vizuri ndani ya ukumbi wa shule, ukikitoa nje kinachukuliwa kama kilivyo na kukabidhiwa kwa mnazi. Nilipokuwa natafuta kama kuna aliyelipatia dawa jambo hilo, nikakutana na kisa cha miaka ya 1970. Shirika la ujasusi la Marekani, CIA, liliunda kerengende wa kubeba kinasa sauti, wakamwita Insectothopter. Injini yake ndogo ilibuniwa na fundi saa. Hapo nilifurahi peke yangu kama mtu aliyesikia ndugu yake akitajwa redioni. Kidude kiliruka kweli. Kilichokiua ni upepo wa ubavuni: hata ule mwepesi ulitosha kukitoa kwenye njia, na mradi ukaishia kwenye makumbusho yao. Fedha za ujasusi, akili za fundi saa, na bado upepo ukawashinda. Baada ya kusoma hayo tuliacha kulaumiana kuhusu Shangani. Tukawa tunarusha alfajiri tu, au ndani.

Sasa, isije ikaonekana nasema haiwezekani. Inawezekana, na gramu zinaonyesha kwa bei gani. Kampuni ya AeroVironment ya Marekani ilionyesha mwaka 2011 ndege wa bandia mfano wa hummingbird, ndege mdogo wa Amerika anayefanana na chozi wa kwetu, gramu 19, mwenye kamera, anayesimama hewani kwa kupiga mabawa. Jeshi lilikuwa limeweka kama dola milioni 4 kufika hapo, na kilichopatikana ni kifaa cha maonyesho, si cha dukani. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi, kilianza na DelFly ya kwanza mwaka 2005, na ilipofika 2018 ndipo walipotoa Nimble, isiyo na mkia, mabawa manne yanayopiga mara 17 kwa sekunde. Uzito wake ni gramu 29. Miaka 13 ya watu wanaolipwa kufikiria mabawa, na walifika gramu 29. Ukiirudia ahadi ya mwaka 2012 ukiwa na namba hizo mkononi, huhitaji kumwita mtu mwizi ili uone kwamba fedha za wachangiaji elfu kadhaa zisingetosha kwa haraka waliyoahidiwa.

Tena wapo waliochangisha na mzigo ukafika. Mwaka 2019 Mfaransa Edwin Van Ruymbeke alichangisha kwenye Kickstarter, tovuti nyingine ya michango, kwa ajili ya MetaFly, mdudu wa kuongozwa kwa rimoti. Familia yao ilikuwa na miaka 50 kwenye kazi hiyo. Ndege wao wa rababendi aitwaye Tim alianza kuuzwa mwaka 1969. MetaFly haifiki gramu 10. Na kamera je? Hakuna. Kuingia kwenye mikorosho, kupeleleza, kupiga picha za harusi, hakuna hata kimoja. Aliahidi kipepee na kigeuke, kikapepea na kikageuka. Mimi nikiona kampeni inayotaja kazi kumi za kifaa chake, naanza kugawa gramu kwa kumi.

Mjomba wa Nanguruwe hakutusubiri. Msimu mmoja nilimkuta shambani na upondo mrefu wa mwanzi, simu yake imefungwa nchani kwa mpira wa baiskeli, na mkononi ana kile kitufe cha bluutuu cha kupigia selfi nilichomuuzia mwenyewe bila kujua anakitakia nini. Anaingiza upondo katikati ya matawi, anabonyeza, anashusha, anakuza picha kwa vidole. Ubwiriunga unaonekana wazi kabisa kwenye kikonyo cha ua. Simu ile ina gramu 170 na ushei, na hakuna anayejali, kwa sababu mwanzi umesimama ardhini. Kusi ikivuma, upondo unayumba kidogo, anasubiri. Wala haulazimiki kuombewa kibali kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, jambo ambalo wenye droni za kweli hawana budi kulishughulikia kwanza. Jirani zake walimcheka wiki ya kwanza; baadaye wakaja kibandani kwangu kuulizia vitufe.

Karibuni kijana mwingine, mwanafunzi wa umeme, alinijia na kampeni mpya. Jina silitaji, maana bado wanakusanya. Kerengende tena, kamera tena, mabawa manne ya kupendeza. "Shikamoo mjomba. Nichange?" Nikamwambia awaandikie aulize mambo matatu: uzito wote kikiwa tayari kuruka, uzito wa betri ndani yake, na video moja isiyokatwa kikirushwa nje penye upepo. Walimjibu haraka na kwa adabu. Uzito walitaja. Video wakasema iko njiani. Kuhusu betri walimwandikia aya ndefu juu ya ndoto yao ya kubadilisha dunia.

"Sasa hapo mjomba unasemaje?"

"Hela ni yako. Ukiitoa, itoe kama ada ya kuwaona wakijaribu."

Alitoa kiasi kidogo, cha kumtosha kupata taarifa zao za kila mwezi. Huwa anakuja kunisomea, tunabishana juu ya gia, na mizani nimemwazima akapime mota anazokusanya nyumbani, kwa sharti kwamba Ijumaa jioni irudi kwa mama lishe, ambaye hadi leo anaihesabu kuwa mali ya kikoba.